Bia nyeusi nne mezani: utazitofautishaje?

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Nsambya, Kampala. Shemeji yangu anafanya kazi Brussels, na alipokuja likizo aliniletea bia nyeusi tano. Moja tuliifungua na marafiki Jumapili, imetoka kwenye friza moja kwa moja. Wote wakasema ni Guinness iliyoungua, na nusu yake ikamwagwa. Zimebaki nne: Celebrator ya Ujerumani yenye kibuzi cha plastiki shingoni (asilimia 6.7), Żywiec Porter ya Poland (9.5), Rochefort 10 ya Ubelgiji (11.3) na moja ya Uingereza iliyoandikwa Imperial Stout (10). Nimesikia siku zote kwamba bia ikizidi weusi ndiyo inazidi ukali, sasa mbona hizi hazifuatani? Tofauti zao ni zipi hasa, na nizionjeje nisije nikaziharibu kama ile ya kwanza? Halafu mama anasema moja nimwekee mke wangu aliyejifungua mwezi uliopita, imwongezee damu na maziwa. Kuna ukweli hapo?"*

Marahaba, ndugu yangu. Kama hizo chupa bado zimelala kwenye friza, inuka uzitoe sasa hivi. Zisimamishe wima mahali penye giza na pasipo joto jingi, kisha rudi tuzungumze. Bia ikiganda inaweza kupasua chupa, na hata isipopasua, ubaridi ule ndio uliowanyima ladha Jumapili. Nitaeleza kwa nini.

Umeona vizuri kwamba asilimia na weusi haviendi pamoja. Ukimimina Rochefort na kuiinua dirishani utaona ni kahawia yenye wekundu, wala si nyeusi tii. Hiyo ndiyo yenye kileo kingi kuliko zote. Ubelgiji hiyohiyo inatengeneza Duvel, ya rangi ya dhahabu kabisa, ina asilimia 8.5. Köstritzer ya Ujerumani ni nyeusi tii na ina 4.8 tu. Hata Guinness ya bomba wanayokunywa Dublin ina kama 4.2, chini ya Nile Special yetu yenye 5.6. Ile ya chupa tunayoijua Afrika ni ndugu yake mwenye nguvu zaidi, na nadhani ndiyo iliyotufundisha kuogopa rangi.

Kileo hutoka kwenye sukari ambayo hamira imeila. Weusi hutoka kwenye moto uliopita juu ya nafaka. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayepika anaweza kuongeza moja bila kugusa nyingine. Shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kwa hewa ya moto. Hicho ndicho kimea. Ukiikausha kwa nyuzi 80 na kidogo unapata kimea cheupe, chenye wanga wote na vimeng'enya vya kuugeuza wanga huo kuwa sukari. Ukipandisha hadi nyuzi 100 na ushee, kinapata rangi na harufu ya ganda la mkate. Ukipita 200 kinakuwa cheusi kama kahawa, na hapo wanga umeharibika na vimeng'enya vimekufa zamani. Punje iliyoungua haina cha maana cha kumlisha hamira. Kwa hiyo ule weusi unaowatisha rafiki zako hauchangii kileo karibu chochote, na katika mapishi mengi ya stauti, yaani bia za jamii ya Guinness, kimea cheusi hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya nafaka yote.

Kama umewahi kukaa karibu na mama anayetengeneza malwa, pombe yetu ya wimbi (ulezi), unajua ninachosema. Unga wa wimbi ukishachachuka hukaangwa juu ya bati mpaka ubadilike rangi. Hapo ndipo malwa inapata ule ukahawia na harufu ya kukaangwa. Lakini anayeleta utamu wa kuchachushwa ni kimea cha wimbi kisichoungua, kinachotiwa baadaye. Bati limempa rangi, kimea kimempa nguvu. London walifika hapo kwa njia yao: mwaka 1817 Daniel Wheeler alisajili hataza ya pipa la kuzungusha la kuchomea kimea, na tangu hapo watengeneza pota, bia nyeusi ya huko, wakaweza kutumia kimea cheupe kwa kileo na konzi chache za cheusi kwa rangi na ladha.

Nikiri kitu. Nilipokuwa kijana kwenye chumba cha kuonjea cha kiwanda kimoja, msimamizi alituletea glasi mbili, moja ya njano na moja nyeusi. Mimi nilijaza nusu ukurasa juu ya ile nyeusi: kahawa, ukoko, chokoleti, nzito mdomoni. Ilikuwa laga ileile ya njano ya glasi ya kwanza, imetiwa matone ya rangi iliyotolewa kwenye kimea cheusi, rangi isiyo na ladha ya kuhisika. Sikuwa peke yangu, lakini hiyo haikunifariji. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jambo la namna hiyo: wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliopakwa rangi nyekundu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho hufika mezani kabla ya pua. Rafiki zako waliona weusi, wakakumbuka Guinness, na ulimi ukatii.

Basi ukimimina, usijiulize ni nyeusi kiasi gani. Jiulize giza hili limetoka wapi, na hamira iliyofanya kazi ni ya namna gani. Kwa maswali hayo mawili chupa zako nne zinaachana kabisa.

Ile yenye kibuzi inaitwa dopelboki. Asili yake ni watawa wa Paulaner mjini Munich, waliopika bia nzito ya kuwashibisha wakati wa kufunga kwaresima. Yao iliitwa Salvator, na waliofuata wakaendelea kumalizia majina yao kwa "-ator", ndiyo maana yako ni Celebrator. Giza lake limetoka zaidi kwenye kimea kilichokaushwa kwa joto la katikati, siyo kuunguzwa. Kwa hiyo tafuta ganda la mkate uliotoka tanuri, chapati iliyokaa kwenye kikaango dakika moja zaidi ya inavyotakiwa, karanga za kukaanga, labda tende kwa mbali. Hamira yake ni ya laga, inayofanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13 hivi kisha bia ikalazwa wiki nyingi karibu na sifuri. Hamira ya aina hiyo haiachi harufu za matunda, kwa hiyo unachonusa ni nafaka yenyewe. Uchungu ni mdogo. Ukiimeza itateleza, na hilo ndilo la kuogopa.

Żywiec ni pota ya Baltiki, na historia yake inachekesha kidogo. Pota nzito za London zilikuwa zikisafirishwa kwenda nchi za bahari ya Baltiki, watu wa huko wakazipenda, wakaanza kupika zao. Karne ya 19 walipohamia hamira ya laga, pota nayo ikahama. Kwa hiyo una kinywaji chenye mwili wa Kiingereza na malezi ya Kijerumani. Żywiec inapikwa tangu 1881. Ndani yake kuna chokoleti, sukari guru, zabibu kavu, na mchomo wa kahawa ambao unabisha hodi tu bila kuingia. Ukishaijua dopelboki, hii utaiona kama binamu aliyekaa jikoni penye moshi.

Stauti ya Kiingereza ndiyo ya moto mtupu. Jina la kifalme, yaani hilo "Imperial", lilitokana na stauti kali zilizokuwa zikiuzwa kutoka London hadi kwenye jumba la watawala wa Urusi, enzi za Catherine II. Hapa giza ni la nafaka iliyochomwa hadi kikomo, na imeongezwa hopsi za kutosha, yale maua yanayotia bia uchungu. Matokeo yake ni uchungu wa aina mbili, na kujifunza kuutenga ni raha ya peke yake. Wa hopsi ni wa majani, unakaa nyuma ya koo. Wa kuchomwa ni wa kahawa nyeusi isiyo na sukari, unaleta ukakasi kwenye fizi na uchachu kidogo. Chini ya hayo yote kuna utamu mzito wa sukari ambayo hamira ilishindwa kuimaliza, na bila huo bia ya namna hii isingenyweka. Kama una robusta iliyochomwa sana nyumbani, chemsha kikombe, kionje kwanza, uweke hiyo ladha akilini.

Rochefort imetoka kwa watawa wa Trapisti kwenye abasia (makao ya watawa) ya Saint-Rémy, na wao wamelileta giza kwa mlango mwingine: sehemu ya rangi na ladha yake ni ya sukari iliyopikwa hadi kukolea. Sukari hiyo huliwa karibu yote na hamira, ikageuka kileo bila kuongeza uzito mdomoni. Ndiyo maana bia ya 11.3 inaweza kuwa nyepesi ulimini kuliko stauti ya 10. Hamira nayo ni ya joto, yenye kelele. Inatoa karafuu na pilipili manga, na inatoa kemikali ileile inayoipa ndizi bogoya harufu yake. Wengi wataieleza Rochefort kwa zabibu kavu, tini na plamu. Mimi hurudi palepale kila mara: gonja, ndizi ya kuchoma, iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi, ikachomwa juu ya makaa, maji yake yakadondoka na kukauka pembeni. Ukiinusa na kukumbuka jioni za barabarani Kabalagala, umeipata.

Sasa Jumapili mlikosea wapi? Ubaridi mkali hufanya mambo matatu. Harufu hazipandi kutoka kwenye kimiminika, na nyingi ya ladha ni harufu, inayopanda kutoka nyuma ya koo kuingia puani. Utamu unazimika ulimini. Gesi nayo inabaki nyingi na inachoma. Uchungu wa mchomo hauzimiki kwa kiasi hicho, basi mkabaki nao peke yake. Mliivua nguo bia ya watu, mkalalamika iko uchi. Ziweke friji ya kawaida, kisha zitoe na uziache mezani dakika 30 hadi 40 kabla ya kumimina. Unatafuta kama nyuzi 12, yaani chupa iliyo baridi mkononi lakini haitoi jasho. Mhudumu wa baa akikuuliza "ya baridi ama ya moto?", jibu la bia hizi liko katikati.

Glasi ya mvinyo ndiyo bora, lakini glasi yoyote iliyobana mdomo inafaa, ilimradi haina mafuta wala sabuni, maana povu litakufa. Jaza robo tu, uizungushe, unuse mara mbili fupi kabla ya kunywa. Kisha meza kidogo, funga mdomo, toa pumzi puani. Hapo ndipo tofauti zinapojitokeza. Wala usihangaike na ile picha ya ulimi yenye mipaka, kwamba uchungu unaonjwa nyuma na utamu mbele. Ni makosa ya zamani yaliyokaa sana vitabuni. Ule mwako kifuani na kooni si ladha pia: kileo kinaamsha vipokezi vilevile vinavyowashwa na pilipili.

Kwa mpangilio, watu watakuambia panda kwa asilimia. Mimi sikubaliani nao hapa. Anza na kibuzi, fuata Żywiec, kisha Rochefort, na stauti iwe ya mwisho ingawa asilimia yake ni ndogo kuliko ya Rochefort. Mchomo ukishakaa kwenye fizi hauondoki kwa maji, na ukiitanguliza stauti, karafuu na ndizi za Rochefort hutazisikia. Pembeni ya stauti weka glasi ndogo ya Guinness ya dukani, ili rafiki zako wapime wenyewe kauli yao ya Jumapili. Katikati tumia maji na mkate mkavu. Nyama choma isubiri, chumvi na mafuta vitawadanganya.

Rochefort ina mashapo ya hamira chini, ndiyo maana nimekuambia usimamishe chupa. Mimina taratibu bila kusitasita na uache kina cha kidole kimoja mwishoni. Hicho kidole kionje peke yake baadaye: ni kama unga wa mkate mbichi, wengine wanakipenda.

Ukitaka kujipima kwa haki, mwombe mtu asiyeonja akumiminie glasi tatu umefumba macho, mbili za bia moja na ya tatu tofauti, utafute iliyo peke yake. Anayebahatisha atapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia. Zoezi la bei nafuu zaidi ni hili: nunua kimea cha wimbi au cha mtama kwa wauza malwa, kikaange kwenye sufuria kavu, na kila baada ya dakika chache chukua punje utafune. Mwanzo ni biskuti, halafu karanga, halafu chokoleti, halafu jivu. Umeshaonja nusu ya historia ya bia nyeusi kabla hujafungua chupa.

Chupa moja ikinuka karatasi ya boksi iliyolowa, hewa imeiharibu, labda kwa joto la safari. Harufu ya mchuzi wa soya ni ya uzee wa namna hiyohiyo. Kidogo kwenye bia kali si kosa, wengine huita utu uzima, lakini ikitawala usijilazimishe. Haitakudhuru, imepoteza tu ilichopikiwa.

Kuhusu kiasi, nimekupigia hesabu. Ikiwa Żywiec yako ni nusu lita na nyingine ni mililita 330, chupa nne zina mililita 140 hivi za kileo kitupu. Hiyo ni sawa na Nile Special kubwa tano. Mkiwa watu watano, kila mmoja amekunywa kama moja, na huo ndio mgao ninaoupendekeza. Ukizinywa peke yako jioni moja utaishia bila kumbukumbu ya ladha hata moja, na kawunyemu, askari wa kupima ulevi wa madereva, wakikusimamisha barabarani hawatauliza zilitoka Ubelgiji au wapi. Mwachie bodaboda usukani.

Nimeacha la mama mwisho kwa sababu ndilo zito. Imani hiyo haikuanzia kwake. Guinness wenyewe walitangaza mwaka 1929 kwamba ni nzuri kwa afya, na wazee wetu wakaipokea. Lakini nusu lita na kidogo ya Guinness ina chuma miligramu 0.3 hivi, wakati mwanamke mtu mzima anayenyonyesha anahitaji kama 9 kwa siku. Weusi ule ni wa kuungua, hauna uhusiano na chuma. Kuhusu maziwa, kileo hupita kutoka kwenye damu ya mama hadi kwenye maziwa yake, na kwa saa chache baada ya kunywa mtoto hupata maziwa pungufu, si zaidi. Mtoto wa mwezi mmoja ini lake bado changa. Kwa hiyo hapana, usimwekee, wala hata nusu glasi ya ile yenye 11.3.

Kwa mama usiende na hesabu zangu. Mwambie unashukuru anavyomjali mkwewe, umwombe akupikie dodo (mchicha) na maharage ya mke wako, kazi anayoijua kuliko mimi. Lakini kama mke wako ana kizunguzungu, anachoka akipanda ngazi, au viganja na ndani ya kope vimepauka, mpeleke kituo cha afya apimwe damu wiki hii. Hilo halitibiwi kwa maelezo ya maandishi, na baada ya kujifungua si la kusubiriwa. Maziwa yakiwa machache, mkunga amwangalie anavyonyonyesha. Mara nyingi tatizo ni namna mtoto anavyoshika titi.

Na kwenye meza yenyewe: aliye kwenye dawa, hasa metronidazole, asionje kabla ya kuuliza mfamasia. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara aishie kunusa. Halafu kama kuna rafiki ambaye hata baada ya dakika 40 na glasi safi hasikii karafuu ya Rochefort wala kahawa ya asubuhi nyumbani kwake, na hali hiyo ina wiki kadhaa, amwone daktari wa pua na masikio.

Baada ya chakula rudi kwenye glasi ya stauti uliyoiacha na funda mbili. Itakuwa imeshapata joto la chumba na gesi imekwisha. Inuse tena, na umpe yule aliyemwaga ya kwanza naye anuse.